Kalamu Juu ya Tao

Mama mkwe wangu ni fundi wa kuandika mabango, na kama kuna mtu mwenye mkono ulionyooka kuliko wake, bado sijamwona. Nasema hivi mapema msije mkadhani namsengenya. Mkwe hamsengenyi mama mkwe, hasa mkwe seremala ambaye bango la karakana yake limeandikwa na mama mkwe huyohuyo, tena kwa rangi nzuri ambayo jua halijaifanya kitu mpaka leo. Lakini ukweli nao lazima usemwe. Mama huyu anaweza kuandika neno refu kama ukuta wa shule bila rula wala kamba, na hajui tofauti ya L na R.

Si kwamba hakusoma. Alisoma vizuri tu. Tatizo ni ulimi. Kwao, ukoo mzima, herufi hizo mbili ni mapacha wanaobadilishana nguo. "Mkwe, niretee ule ubao mlefu," ataniambia, nami namletea. Hapa maneno yake nitayanyoosha, maana nikiyaandika kama anavyoyatoa mtachoka kabla hatujafika kanisani.

Muuza nyanya akichanganya L na R, nyanya haziharibiki. Mwandika mabango ni habari nyingine. Zamani, kabla sijaingia kwenye ukoo huu, aliandika ukutani kwa herufi nyekundu za kuvutia: KITUO CHA KUPIGIA KULA. Watu walifika na hamu zao wakiuliza sahani ziko wapi. Tangu siku hiyo hakuandika neno bila kukaguliwa kwanza na binti yake, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Mtoto alisimama chini ya ngazi akisoma kwa sauti, herufi moja moja, na mama huko juu akimsikiliza. Mtoto huyo sasa ni mwalimu, na ndiye mke wangu. Nikimtumia ujumbe wa simu wenye makosa, hunirudishia ukiwa umesahihishwa. Nimezoea.

Mjini humwita Mama Brashi. Hana unyenyekevu hata wa kusingizia. Mabango ya mashine yalipoingia, yale ya plastiki yenye picha za watu wanaotabasamu, wenzake wengi walifunga kazi. Yeye alisema, "Plastiki inapauka. Mimi sipauki." Akaendelea kupanda ngazi.

Sasa kanisa. Liko mwisho wa barabara ya maduka, na lilijengwa enzi za wakoloni na wamisionari ambao inaonekana hawakuwa na haraka ya kwenda popote. Kuta zake ni nene kiasi kwamba mtu mzima hukaa ndani ya dirisha na miguu isitokeze nje. Vigae vya paa vililetwa kwa meli. Juu ya madhabahu kuna tao kubwa, na juu ya tao hilo, kwa herufi za rangi ya damu ya mzee, paliandikwa: NJONI NYOTE KWENYE KALAMU YA BWANA.

Palitakiwa kuandikwa KARAMU. Aliyeandika alikuwa babu yake Mama Brashi, mzaa baba yake, fundi wa kupaka chokaa aliyejifunza herufi palepale misheni. Padri mgeni hakumpa karatasi. Alisimama chini akamtajia maneno kwa mdomo, naye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Babu akasikia kwa sikio la kwao, akaandika kwa ulimi wa kwao. Padri akatazama, akaona herufi zimenyooka, akaridhika. Jukwaa la miti likabomolewa, rangi iliyobaki ikapakwa milangoni.

Siku ya kufungua kanisa akaja askofu aliyekijua Kiswahili. Akasoma. Halafu, mbele ya watu wote waliovaa nguo zao bora, akachomoa kalamu ya wino kwenye kanzu yake, akaiinua juu na kutangaza kwamba yeye ameshafika na kalamu yake anayo. Kanisa zima likaangua kicheko. Babu naye alicheka, maana angefanya nini? Ila kuanzia Jumapili iliyofuata alikaa nyuma ya nguzo ya tatu, mahali ambapo tao halionekani, na hapo ndipo alipokaa mpaka walipomleta ndani ya jeneza.

Mama Brashi alikua akikaa naye nyuma ya nguzo hiyo. Aliniambia kwamba utotoni alidhani kanisa ni nguzo. Ni babu huyo aliyemfundisha kushika brashi, nyumbani, kwenye mlango wa jikoni ambao walikuwa wakiupaka chokaa na kuuandika upya mpaka ukawa mnene. Na shuleni watoto walimwita "wa ukoo wa Kalamu". Wakikosa cha kuandikia walimwendea yeye, "Azima basi, si mnazo kwenu?" Alipigana sana. Kovu moja la kidoleni analo bado, na ukimwuliza alilipataje, anasema, "Herufi L."

Kwa hiyo serikali na washirika walipokubaliana kulikarabati kanisa, sisi wa nyumbani tulijua Mama anataka nini. Hakutaka sifa. Alitaka herufi moja ife. Babu yake alikufa akiionea aibu, na yeye aliapa kwamba mkono wa ukoo uleule ndio utakaoiondoa. Alilisema hilo mezani, sokoni, na kwenye msiba mmoja ambapo halikuhusika kabisa.

Kazi ilianza kwa fujo. Paa lilikuwa linavuja, popo wameweka makazi ndani ya kinanda, na mtu fulani huko nyuma alikuwa amezipaka kuta saruji, ambayo ilishika unyevu na kuitapika chokaa ya zamani kwa mabonge. Mimi nilipewa milango, madirisha na mabenchi. Mabenchi ya mbele, yale ya wazungu, yalikuwa na mito na vijilango. Ya nyuma yalikuwa mbao tupu. Mchwa, kwa haki yao, walikuwa wamekula ya mbele kwanza. Mama Brashi alipewa maandishi yote: ya ukutani, ya nguzoni na ya tao.

Msimamizi wetu alikuwa mtaalamu wa majengo ya kale, binti mmoja mpole mwenye tochi kichwani, anayegusa ukuta kama mkunga anavyogusa tumbo. Nilimpenda kwa sababu hakuwa na majivuno na alijua kazi. Alikwangua rangi kidogo kidogo: nyeupe, chini yake kijani, chini yake buluu mbaya sana, mpaka akafika kwenye rangi ya kwanza kabisa. Alipofika kwenye tao, akaita kikao.

Tulikaa ofisini kwa mchungaji, kwenye viti vya plastiki, chini ya feni iliyokuwa ikikwaruza kila ikizunguka. Michoro ilitandazwa mezani na kukandamizwa kwa vitabu vya nyimbo.

"Mama," mtaalamu akasema, "maandishi ya tao tunayarudisha kama yalivyokuwa. Herufi kwa herufi."

"Hata kosa?"

"Hata kosa, mama. Tukianza kuwasahihisha waliotutangulia, hatutajua pa kuishia. Leo herufi, kesho dirisha, keshokutwa tumejenga kanisa lingine."

Mwenyekiti wa kamati ya ukarabati, mfanyabiashara mstaafu mwenye sauti ya mnada, akadakia. "Na tena Mama Brashi, ile kalamu ni yetu! Watoto wetu wanaletwa pale kuombewa kabla ya mitihani. Wanakuja na kalamu zao mikononi. Watu wanaliita Kanisa la Kalamu. Ukiandika karamu, si watatuletea sufuria?"

Wakacheka wote, hata mchungaji ambaye kwa kawaida hucheka baada ya kutazama pembeni. Na mimi, nakiri, kicheko kilinitoka kidogo. Mama Brashi akanyanyuka.

"Chekeni," akasema. "Mmeanza kucheka kabla sijazaliwa. Mlimcheka akakaa nyuma ya nguzo maisha yake yote. Leo mnataka mjukuu wake apande akawaandikie kichekesho upya, kwa rangi mpya, kidumu miaka mingine mia? Tafuteni mwingine." Akabeba brashi zake, akatoka. Feni ikaendelea kukwaruza, na hakuna aliyejua amtazame nani.

Nyumbani moto uliwaka. Mke wangu alikuwa upande wa mama yake, tena kwa sababu mbili. "Mimi ni mwalimu," alisema. "Nitawaambia nini watoto? Kwamba kosa likizeeka linakuwa sahihi?" Nikajaribu kusema kwamba mtaalamu naye ana hoja, kwamba mimi mwenyewe nisingethubutu kunyoosha mlango ambao fundi wa kwanza aliupinda kufuata ukuta. Nikatazamwa. Chakula kilikuwepo lakini hakikuniita. Na kilichonisumbua zaidi ni kwamba kamati ilikuwa imeshaanza kuulizia kijana mwenye mashine ya kukata herufi za plastiki. Nilijua Mama akisikia neno plastiki ndani ya kanisa la babu yake, ataumwa kwelikweli.

Asubuhi moja mtaalamu akaja mwenyewe nyumbani kwa Mama Brashi. Nilikuwepo, nimepeleka ngazi niliyokuwa nimeitengeneza. Akasimama mlangoni akavua tochi yake kichwani, kama mtu anavyovua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama umekuja kunibembeleza, kaa unywe chai halafu uende."

"Sikuja kukubembeleza. Nimemaliza kusafisha tao. Nimeona nisiruhusu mtu mwingine kugusa zile herufi kabla wewe hujaziona. Ukishaona, ukisema hapana, basi."

Mama alikunywa chai yake yote, akaosha kikombe, akafunga kilemba upya, akatoka. Tukafuatana.

Nilimshikia jukwaa akapanda. Mimi na mtaalamu tukapanda nyuma yake, nami nimebeba taa ya kazi. Kwa karibu, herufi zile si kama zinavyoonekana chini. Kila moja ni ndefu kama mkono wa mtu, na chini ya mwanga wa tochi unaona njia za nywele za brashi ndani ya rangi. Mama alianza kwenye N ya kwanza, akatembea polepole kwenye mbao, akizipitia moja moja bila kuzigusa. Alipofika kwenye L akasimama.

Hapa niwaeleze jambo moja. Waandika mabango wote ninaowajua huishusha L: wanaanza juu, wanateremka, wanapinda kulia. Mama Brashi huipandisha. Anaanza kwenye ncha ya mguu, anarudi kushoto, halafu anapanda moja kwa moja na kuiachia brashi juu, hivyo kileleni hubaki alama ndogo ya kuchanua. Wenzake humtania kwamba anaandika kinyumenyume. Na L ile ya ukutani, kileleni, ilikuwa imechanua.

"Mkwe," akasema, "sogeza taa." Nikasogeza. Akaweka kiganja chake juu ya L, akakifuatisha kuanzia mguuni mpaka juu, na mkono wake ukaenda njia ileile bila kuulizwa. Machozi yakamtoka, na katikati ya machozi akaanza kucheka.

"Hakusita," akasema. "Angalieni. Kwenye J amesita, hapa rangi imejikusanya. Kwenye Y amesita. Hapa kwenye L hakusita hata kidogo. Ndiyo herufi yake nzuri kuliko zote! Alikuwa na uhakika, mzee wa watu. Alikuwa na uhakika kabisa!"

Mtaalamu naye akawa anapangusa macho kwa mkono wenye vumbi, jambo ambalo simshauri mtu. Mimi nilijifanya naangalia msumari.

Mama Brashi akajifuta, akarudi kuwa yeye. "Nitaiandika," akasema. "L yake, kama ilivyo. Siwezi kuua kazi nzuri namna hii. Lakini nina sharti. Aandikwe na yeye. Jina lake, hapahapa, pembeni ya tao."

Mtaalamu akafikiri. Kitu kipya, akasema, lazima kijulikane ni kipya, kwa hiyo liandikwe dogo na kwa rangi tofauti kidogo. Kwa upande wake hana kipingamizi. Kamati ndiyo yenye kanisa.

Tukarudi chini ya feni.

"Hapana, hapana," mwenyekiti akasema kabla Mama hajamaliza. "Kanisani hatuandiki majina ya mafundi. Leo wewe, kesho huyu seremala atataka jina lake mlangoni." Nikasema sitaki. Hakuna aliyenisikia.

"Jiwe la pale nje lina majina," Mama akasema.

"Lile ni la msingi, mama. Lina jina la askofu na la gavana."

"Walibeba mawe mangapi?"

Mama akamgeukia mchungaji, ambaye alikuwa ameshaanza kutazama pembeni. "Baba mchungaji, nitazame mimi. Kosa la babu yangu mnalitaka. Mmelizoea, mnalipenda, mnaliombea watoto chini yake. Leo mmelipatia na jina zuri, mnaliita urithi. Lakini mwenye kosa hamumtaki. Hakuna namna hiyo. Mchukueni na kosa lake, au mniachie vyote viwili nikavifute."

Mtaalamu alikuwa ameinama akichezea tochi. Mchungaji alivua miwani, akaivaa, halafu, kwa mara ya kwanza tangu aletwe kwetu, akasema jambo bila kuangalia uso wa mwenyekiti.

"Aandikwe," akasema.

Ningependa kuwaambia kwamba matatizo yaliishia hapo. Yalianzia hapo. Mama aliandika tao lote kwa siku chache, akifuata njia za babu yake ndani ya rangi ya zamani, akiimba. Ikabaki kuandika jina. Akapanda na brashi ndogo na kikopo cha rangi, akainua mkono, akaushusha. Akateremka mpaka chini, akanijia pale nilipokuwa nasugua benchi.

"Mkwe," akaninong'oneza, "jina la babu lina L au R?"

Jina lenyewe silitaji, mkitaka nendeni mkalisome. Inatosha kujua kwamba katikati yake amekaa mmojawapo wa wale mapacha, na ukoo mzima haukuwa na hakika ni yupi. Tukaanza kuulizana. Baba yake Mama, aliyechukua jina hilo kama la ukoo, kitambulisho chake kilikuwa na L. Baba yake mdogo, mtoto wa babu yuleyule, cha kwake kilikuwa na R. Tukampigia simu shangazi mmoja, wa mwisho aliye hai wa kizazi kile. Akalitamka. Tukamwomba arudie. Akarudia tofauti. Tulipomwambia, alikasirika, akasema jina ni lilelile na sisi ndio tumeharibikiwa masikio na hizo simu.

Mke wangu akashauri L, maana kitambulisho cha babake mama yake ndicho cha zamani zaidi, na ndivyo jina hilo linavyoandikwa kwa watu wengine wote. Alisema kwa upole, lakini alisema kama mwalimu: kosa moja ukutani lilikuwa linatosha. Mama alimsikiliza. Akawa anapangusa brashi ambayo ilikuwa safi.

Jioni, vibarua wakiwa wameshaondoka, alipanda tena. Mimi nilikuwa nafunga patasi zangu na mke wangu alikuwa amepitia kutoka shuleni, mkoba wa madaftari begani. Tulimwona Mama anaandika, bila haraka na bila kusimama. Alipomaliza alikaa juu ya mbao, miguu ikining'inia kama ya msichana, akasema bila kututazama, "Kagua."

Mke wangu akasogea chini ya jukwaa, akainua uso. Niliona midomo yake ikifuata herufi moja moja, nikaiona ikisimama katikati.

"Mama, umeandika R."

"Ndiyo."

"Kitambulisho..."

"Kitambulisho kiliandikwa na karani. Babu alilelewa na dada yake mkubwa, nilimkuta, nilimjua. Jioni alikuwa anasimama uani anamwita aje kula. Nimeliandika alivyoitwa na yule bibi. Sasa soma, nisikie kama nimelipatia."

Mke wangu, ambaye hajawahi kuacha herufi mbovu ipite mbele yake, aliweka mkoba chini. Akajaza kifua pumzi. Akalisoma jina lile kwa sauti kubwa, lote, kwa R ya kwao, si kama mtu anayesoma ubao bali kama mtu anayemwita mwingine kutoka uani. Likagonga kwenye paa jipya na kuturudia.

Mama mkwe wangu, kama mwanamke yeyote aliyefunzwa kwao, akiitwa huitikia "abee". Sijapata kumsikia akiitikia vingine. Jioni ile alinyoosha mgongo juu ya mbao zile, mbele ya tao, akaitikia kwa sauti nzito ambayo sikujua kama anayo.

"Naam!"